Kamera ya Pilau na Kamera ya Dagaa

Zamu yangu ya upatu ilipofika, kijumbe alinihesabia fedha mbele ya mke wangu, jambo ambalo kijumbe mwenye busara hafanyi. Kabla noti ya mwisho haijatua mezani, zile fedha zilikuwa zimeshakuwa friji: milango miwili, sehemu ya barafu juu, rangi ya kijivu inayong'aa. Mimi nilikuwa nimezipangia kamera tangu mzunguko uanze, ila sikumwambia mtu, na mpango usiotamkwa hauna shahidi.

"Kamera gani?" akauliza mama watoto, kwa upole unaotisha.

Swali lilikuwa halali. Tatizo ni kwamba nilikuwa na majibu mawili, na hayo mawili hayapatani.

La kwanza lilikuwa kamera ya kikazi, hizi za kisasa zisizo na kioo ndani. Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo kilichoruka juu kila ulipobonyeza, na mlio wake ndio uliowajulisha watu wa harusini kwamba tayari wamepigwa, wanaweza kupumua. Mwaka 2008 Panasonic wakatoa kamera ya kubadilisha lenzi ambayo kioo hicho kimeondolewa. Mwaka 2013 Sony wakatoa A7, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, yaani kile kibao kinachopokea mwanga kina ukubwa uleule wa picha ya filamu ya zamani. Ilipofika 2018, Canon na Nikon nao wakaingia kwenye ukubwa huo bila kioo, na tangu hapo mpiga picha mwenye kioo akawa mtu wa kujieleza. Mwaka huohuo Sony walitoa A7 III kwa takriban dola 2,000, bila lenzi.

"Bila lenzi?" akasema mama watoto. "Kwa hiyo unanunua gari, matairi mwakani."

Jibu la pili lilikuwa kamera ndogo ya mfukoni isiyoingia maji. Chukua Olympus TG-6 ya mwaka 2019: dola 450 hivi ilipotoka, uzito wa robo kilo, inazama hadi mita 15, inaanguka kutoka mita 2.1 na kuinuka, inakaliwa na uzito wa kilo 100, na inavumilia baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Nilizisoma sifa hizo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Baridi hiyo tutaipata wapi, Buguruni?"

"Ni mfano tu, mama watoto."

"Tukinunua friji tutaijaribu. Na hiyo mita 15, samaki gani amekuomba picha?"

Nikaona nimlete shahidi mzito. Nikamweleza kwamba kamera ya majini si mchezo wa watoto, kwamba Jacques Cousteau, yule Mfaransa wa bahari, alishirikiana na mhandisi wa Kibelgiji, Jean de Wouters, wakaunda kamera iliyoingia majini yenyewe, bila kufungiwa ndani ya sanduku, wakaiita Calypso kwa jina la meli yake. Mwaka 1963 Nikon wakaichukua na kuiita Nikonos, na uzao wake ukaendelea kutengenezwa hadi 2001. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho.

"Cousteau alikuwa na meli," akasema. "Wewe una nini?"

Nilikuwa na nauli ya Nyamisati, kunakopandwa boti za Mafia, lakini sikuona kama hapo palikuwa mahali pa kuitaja.

Kariakoo hakukunisaidia. Kijana wa dukani alinipokea kwa "mjomba", nilipouliza bei ya ile kubwa akanipandisha cheo kuwa "bosi", na nilipoanza kuomba punguzo nikashuka hadi "mzee". Alikuwa nayo moja ya mtumba kutoka Dubai. Nikamuuliza imepigishwa picha ngapi, maana mashine ile ya kufungua na kufunga mwanga huchoka kwa idadi.

"Hii ilikuwa ya Mzungu mmoja wa safari," akajibu bila kupepesa. "Alipiga simba tu. Haijawahi hata siku moja kuingia harusini."

Nikajua hapo kwamba hata muuzaji anakubali ni nini kinachoua kamera.

Nikamuuliza kuhusu mvua. Akasema hii haiogopi mvua. Kijitabu chake kilikuwa na maoni tofauti: kinasema imetengenezwa ikiwa na kinga ya vumbi na unyevu, kisha, kwa herufi za chungu, kwamba kinga hiyo haiahidiwi kwa asilimia mia. Vijitabu vingi vya kamera hizi vimeandikwa hivyo. Ukivisoma kwa makini utagundua kwamba mtengenezaji anakuruhusu utoke nje mvua ikinyesha, na mengine ni kati yako na Mungu.

Nilirudi nyumbani kupitia kwa binamu yangu, ambaye anakula kwa kamera. Anapiga harusi, vipaimara, mahafali na, siku ngumu, picha za pasipoti. Sikumaliza sentensi.

"Binamu, achana na hako kadogo. Kihisi cha kubwa kina eneo la takriban mara 30 ya hicho cha mfukoni. Ukumbini usiku, taa za zambarau, kadogo kanakupa chenga mwanzo mwisho. Halafu kuna suala la chakula."

"Chakula?"

"Harusini mpiga picha anapakuliwa kwa urefu wa lenzi. Ukiwa na lenzi ndefu unaitwa mezani na kamati. Ukiwa na kamera ya mfukoni, unaulizwa kadi yako ya mwaliko iko wapi."

Hoja hii haimo katika kijitabu chochote, na ni kweli tupu. Kuna watu nawaambia mpaka leo: usilinganishe kamera kwa megapikseli, linganisha kwa mnofu.

Niseme pia neno moja kuhusu simu, maana kila niliyemwomba ushauri alininyooshea ya kwake. Simu nyingi za bei ya juu siku hizi huvumilia maji, lakini maji yanayotajwa ni matamu, ya kina kifupi, kwa muda mfupi. Bahari haimo. Tena ukiwa chini ya maji kioo cha kugusa hakitambui tena kidole chako; kinajibonyeza chenyewe, kinafungua kikokotoo, kinampigia mkwe. Basi, tuendelee.

Uamuzi wangu ulikuwa wa haki: kabla ya kununua, nizijaribu zote mbili kazini. Kubwa nitaikodi, maana mjini Dar kamera hukodishwa kwa siku. Ndogo nitaazima kwa mfanyakazi mwenzangu anayependa kuzamia. Ya kwanza ilipata nafasi mapema kuliko nilivyotaka, kwa sababu mpwa wangu alikuwa anaolewa, na shemeji, kaka yake mama watoto, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Aliposikia kwamba nitakuwa na kamera, kwenye kikao hichohicho fungu la mpiga picha likahamishiwa kwenye vinywaji. Wajumbe wakapiga makofi. Mimi nilikuwa bado nainua mkono kuomba kuchangia hoja.

Mkodishaji alinitaka niache kitambulisho cha taifa kama dhamana. Nikakiacha. Maana yake ni kwamba kamera ile ikifa, mimi nabaki hai nyumbani tu, serikalini sipo.

Nikwambie kitu ambacho hakuna anayekueleza dukani: kamera kubwa ni cheo cha utumishi wa umma. Ukishaitundika shingoni, jina lako limekwisha. Nilifika ukumbini nikiwa mjomba wa bibi harusi, nimevaa suti niliyoshonewa, nimechanga mchango wangu kwa wakati. Dakika chache baadaye shangazi yangu wa damu, aliyenifundisha kutembea, ananipigia makofi kutoka meza ya pili: "We kaka mpiga picha! Njoo utupige na hawa wageni wa Bagamoyo!" Nikaenda. Nikawapiga. Akanishukuru na kuniambia nimsalimie mama yangu kama yupo hai, kwa sababu ninafanana na mtu anayemfahamu.

Kamera yenyewe, ili niwe mkweli, ni ajabu ya dunia. Inatafuta jicho la mtu yenyewe na kuling'ang'ania hata akigeuka. Tatizo ni kwamba haichagui jicho la nani. Siku ile mmoja wa vijana wa kubeba masufuria alikuwa amevaa fulana ya kampeni yenye uso wa mgombea, mkubwa, unaotabasamu, kifua kizima. Kila bibi harusi alipopita mbele ya mlango wa jikoni, kamera ilimwacha bibi harusi na kumlenga mheshimiwa. Ninazo picha kadhaa ambazo mpwa wangu ni ukungu mweupe mbele, na nyuma yake mgombea anaonekana hadi vinyweleo vya masharubu. Binamu anasema niziuze chamani.

Wakati wa viapo niliiweka kwenye hali ya kimya kabisa, isitoe mlio hata kidogo, kama kijitabu kinavyoshauri kwa shughuli za heshima. Lakini katika hali hiyo kihisi kinasoma picha mstari kwa mstari, na taa za LED za ukumbini zinawaka na kuzima haraka mno macho yasione. Kamera inaona. Viapo vyote vya mpwa wangu vina michirizi myeusi ya kulala, kutoka kwenye shela mpaka kwenye viatu vya padri. Bwana harusi ameuliza kwa adabu kama huo ni mtindo.

Mtindo uliopendwa ulikuja baadaye, tulipotoka nje kwa picha za ukoo. Ndani kiyoyozi kilikuwa kinapuliza baridi ya bure, iliyolipiwa na kamati. Nje ilikuwa jioni ya Dar, joto lenye unyevu wa kukamua. Lenzi baridi ikikutana na hewa hiyo inashika ukungu papo hapo, na ukiifuta inashika tena. Dawa ni kusubiri ipate joto, au kuifunga kwenye mfuko kabla ya kutoka. Ukoo wa watu hamsini waliokwisha jipanga kwa urefu hausubiri lenzi. Nikapiga. Shemeji akaja kuchungulia, akaona watu wote wanaelea ndani ya wingu jepesi, taa nyuma yao zimepasuka kuwa nyota.

"Ndiyo maana nilisema kamera nzuri!" akawatangazia. "Shemeji, endelea na hiyo ya moshi."

Lenzi ikapata joto, moshi ukaisha. Upande wa bwana harusi, ambao walipigwa baada ya hapo wakatoka safi kabisa, wanalalamika hadi leo kwamba walibaguliwa.

Ila nilikuwa nakwenda kwenye maji. Mtu akiogopa kamera isilowe, anafikiria mvua, mawimbi, boti. Hakuna anayefikiria shampeni. MC akaita wasimamizi mbele, akaomba muziki upunguzwe, akanitafuta kwa kipaza sauti: "Mpiga picha sogea! Sogea bwana, usiogope, hii ni historia!" Nikasogea, kwa kuwa kipaza sauti hakibishwi. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa ameitikisa ile chupa tangu meza ya keki, anaitikisa huku anacheza, na MC alipofika "tatu" kizibo kikapita juu ya kichwa cha padri na vilivyobaki vyote vikaja kwangu. Kwenye lenzi, kwenye vitufe, kwenye tundu la flashi, kwenye suti.

Maji matupu yangekauka. Shampeni ina sukari, na sukari ikikauka ni gundi. Gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka kwa kusitasita, na kitufe kimoja kikawa kikibonyezwa kinakaa ndani kutafakari kabla ya kurudi. Wakatokea washauri. Kwenye harusi yoyote ya Kitanzania, ukitoa daktari, kila mtaalamu unayemhitaji yupo, na wote wana jibu moja: mchele. Nikapelekwa jikoni mikono juu juu. Mama mpishi akanionea huruma ya dhati, akafungua mfuko wa mchele uliobaki, ambao ulikuwa umesafiri toka sokoni pamoja na bizari nzima, iliki na mdalasini, na nusu ya viungo ilikuwa imemwagikia humo. Akaifukia kamera ya watu mle ndani mpaka shingoni.

Mchele hausaidii kama watu wanavyodhani. Zaidi unaacha vumbi la wanga mahali ambapo hukutaka vumbi. Ungeifuta sukari kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukatoa betri, ukaiweka mbele ya feni pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu, ungekuwa umefanya la maana zaidi. Lakini nenda wewe ukamweleze hayo mwanamke aliyeshika upawa. Haya yote niliyafanya nyumbani usiku huo, kitambaa, feni na vifuko, mpaka vitufe vikarudi kwenye adabu. Harufu ndiyo iliyokataa.

Asubuhi mkodishaji akaipokea, akaiwasha, akapiga picha ya ukuta, akazungusha gurudumu. Kila kitu kikafanya kazi. Akaisogeza puani. Akanitazama.

"Bosi," akasema, "pilau lilikuwa la mbuzi au la ng'ombe?"

Akanirudishia kitambulisho.

Ile ndogo nilikwenda nayo Mafia. Unatoka Mbagala Rangi Tatu, unashuka Nyamisati, unapanda boti hadi Kilindoni, na kuanzia kama Oktoba hadi Machi unaweza kumkuta papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, akizunguka karibu na pwani. Usiogope jina la papa. Chakula chake ni vidudu vidogo vya majini na dagaa. Watafiti wanasema wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambayo hayajakomaa. Yaani ni vijana wa kiume wanaokuja Kilindoni kula tu, kisha wanapotea machoni bila kuaga. Kwetu tunao wa namna hiyo, tofauti ni madoa.

Mwenye kamera alikuwa amenipa masharti mengi kuliko mkodishaji. Kabla ya kuingia majini nikague mpira wa kuzibia kwenye kijimlango cha betri, maana unywele mmoja au chembe moja ya mchanga inatosha kuyapitisha maji. Nisiufungue mlango huo ufukweni. Nikitoka baharini niiloweke kwenye maji matamu, chumvi isije ikaganda kwenye vitufe. Nikaahidi.

Botini hakuna aliyeniita mpiga picha. Nahodha aliiona ikining'inia mkononi, akauliza kama ni ya mtoto. Mawimbi yaliporuka ndani nililowa, nayo ikalowa, tukaendelea na maongezi. Pembeni yangu alikaa mgeni mmoja mwenye kamera kubwa, lenzi ya kiasi cha kulishwa na kamati mbili. Alikuwa ameivisha mfuko wa plastiki, juu ya mfuko amezungusha taulo, juu ya taulo ameweka jaketi okozi ambalo lilikuwa lake yeye kulivaa. Safari nzima alikaa ameipa bahari mgongo, ameikumbatia. Papa alipotokea na watu wakapiga kelele, alianza kufungua taulo. Alipomaliza kufungua mfuko, kilichokuwa juu ya maji ni viputo. Alikuwa mtu mwema, nadhani, na picha yake ya viputo lazima ina ubora wa hali ya juu.

Nikaruka. Kamera hii inaruhusiwa mita 15. Mimi mapafu yangu yana waranti ya kama mita mbili. Bahati nzuri potwe hula karibu na uso wa maji. Bahati mbaya hula mahali ambapo chakula kimejaa, na chakula chake ndicho kinachoyafanya maji yawe uji wa kijani. Kadiri shibe yake inavyokuwa nono, ndivyo unavyokuwa huoni kitu. Maji pia huanza kuimeza rangi nyekundu mapema kuliko rangi nyingine, kwa hiyo kila kilichomo hugeuka kijanibuluu, na flashi hairuhusiwi, kama ilivyo marufuku kumgusa. Nikawa nabonyeza kuelekea mahali ambapo wenzangu walikuwa wananyoosha vidole.

Jioni tukaangalia. Kulikuwa na picha za kijani tupu. Kulikuwa na mapezi ya mpira ya dada mmoja wa Arusha, karibu sana, kwa mfululizo. Kulikuwa na sehemu ya chini ya boti, ambayo nahodha aliiomba kwa sababu alikuwa hajawahi kuiona. Kulikuwa na dole gumba langu, lenye mwanga mzuri. Na kulikuwa na moja iliyojaa ngozi ya kijivu yenye madoa meupe kutoka pembe hadi pembe, haina kichwa wala mkia, kwa kuwa samaki mwenye urefu wa basi dogo akipita karibu hivyo haingii mzima kwenye lenzi. Nilikuwa naifuta. Kijana aliyetuongoza akanishika mkono.

"Usifute, kaka. Huu ni ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu. Hapa ndipo wanapopatafuta watafiti."

Kumbe madoa ya kila potwe ni yake peke yake, na kwa madoa hayo hujulikana mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Kompyuta inayolinganisha picha hizo inatumia kanuni ambayo wanaastronomia waliibuni kwa ajili ya kulinganisha makundi ya nyota. Haijali kama picha ni nzuri. Inataka ubavu, upande sahihi, madoa yaonekane. Katika maisha yangu yote ya kupiga picha, ile ndiyo picha pekee ambayo mtu aliihitaji kwa kazi, na imetoka kwenye kihisi ambacho kingepotea ndani ya punje ya mbaazi. Harusi nzima ya mpwa wangu haikuwahi kuombwa na sayansi.

Nikatimiza ahadi. Kwenye nyumba ya wageni nikajaza ndoo maji matamu, nikaitumbukiza kamera, nikaenda kutafuta chai. Mama mwenye nyumba akaingia kufagia. Akaona kamera ya mgeni imezama kwenye ndoo, akapiga ukelele uliomwamsha jirani, akaiokoa, akaifuta kwa ncha ya khanga, na kwa kuwa ni mtu asiyefanya jambo nusunusu, akaipeleka uani na kuianika juani. Nilipomweleza kwamba niliizamisha mwenyewe kwa makusudi, alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimekula.

Nafasi ya kuanikia ilikuwa moja tu pale uani, na dagaa walikuwa wametangulia. Mwenye kamera ameipokea, ameikagua, hajapata tone la maji ndani. Ila ananiambia paka wa ofisini siku hizi hatoki mezani kwake.

Watu hunitaka nitoe hukumu hapo: kubwa au ndogo? Wanatarajia niseme habari za mwanga na kihisi. Mimi nilinunua ndogo, mpya kwenye boksi lake, na sababu iliyonisukuma haikuandikwa kwenye boksi. Haiingii maji, na haiingii kamati. Chenji ikawa friji, ya mlango mmoja, na mama watoto amenisamehe robo tatu. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa amesikia mjadala wote wa nyuzi 10 chini ya sifuri, ndiye aliyefanya jaribio. Niliikuta kamera kwenye sehemu ya barafu, katikati ya barafu za ubuyu, imewashwa, inarekodi video ya giza. Bado inafanya kazi. Betri ilikuwa karibu kuisha, lakini hata mimi ningeisha.

Kikao cha harusi nyingine kilipokuja, safari hii ya mtoto wa shemeji mwenyewe, alinigeukia kabla hajafungua daftari. "Shemeji, na ile mashine yako ya moshi..." Nikaitoa mfukoni, nikaiweka mezani kwake. Akaigeuzageuza. Akatafuta mahali pa kufunga lenzi. Wajumbe wakainamisha macho kwa aibu yangu.

"Basi," akasema taratibu, "wewe tutakuweka vinywaji."

Binamu ndiye aliyepewa picha, kwa malipo kamili, kamera ya mwaka huu, lenzi ya kupakuliwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya makreti, nimevaa suti ileile, nimekula mapema pamoja na wapishi, kamera mfukoni, shangazi amenitambua na kuniita kwa jina. MC akaita shampeni. Msimamizi wa bwana harusi akaja kuichukua kwangu, na nikampa ile niliyokuwa nimeikalisha karibu na spika tangu taarabu ianze.

"Mpiga picha sogea!" akasema MC.

Binamu akasogea, akapiga goti, akanitupia jicho kuuliza kama hapo panatosha. Nikamwonyesha kwa mkono: bado kidogo, mbele.